Kofia Inayofuata Saa

6 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Kofia yako ya tisa imefika salama, na tangu asubuhi naizungusha mezani nisijue inataka kuniambia nini. Nimeivisha bakuli la bluu, lile linalolingana na kichwa cha mtu mzima, nikaipanga kwenye rafu pamoja na zako nyingine. Nane zinaelekea huku. Ya tisa inaelekea kule.

Nianze na shukrani, maana miezi mitatu na nusu bila kofia wala barua si jambo dogo. Kukutafuta kwa simu sikuweza. Unajua masikio yangu na simu waliachana siku nyingi, nasikia mvumo tu kama bomba lenye hewa. Nilikuandikia mara tatu. Mara ya tatu nilikuita mvivu, na nadhani hilo ndilo lililokuchoma ukaishika tena sindano.

Tuje kwenye masahihisho. Ukingo umebana mno. Raundi ya sita ina mishono miwili uliyoiruka, na ya kumi na moja umeongeza pasipotakiwa. Nimekupa nne kwa kumi. Usinune. Ya nane ulipata nane na nusu, kwa hiyo uwezo unao. Lakini si makosa hayo yaliyonikalisha hapa mpaka chai ikapoa.

Ngoja nikueleze, maana nadhani sikuwahi kukueleza. Anayeshika sindano ya kroshia kwa mkono wa kulia hufuma akielekea kushoto. Akianzia kofia utosini, raundi zake, ukizitazama kwa juu, huenda kinyume na mishale ya saa. Na pale kila raundi inapofungwa hubaki alama, nayo hairudi palepale. Hujisogeza kidogo, raundi baada ya raundi, mpaka inakuwa kama mstari uliolala kutoka utosini hadi ukingoni. Hakuna anayeamua ulalie wapi. Ni mkono wenyewe. Tangu nilipokuanzishia masomo haya kwa barua, mwaka ule nilipostaafu ualimu nawe ukafiwa na shemeji yangu, mistari yako yote imelala upande mmoja na yangu.

Huu wa tisa umelalia upande wa pili. Raundi zinafuata saa. Nikasema labda umeituma ikiwa ndani nje. Nikaigeuza. Hapana: mshono una uso na mgongo, na uso ulikuwa nje kama inavyotakiwa.

Halafu barua iliyofungwa nayo. Mistari sita, na mwandiko si wako. Wewe ambaye nilikubandika jina la Chiriku kwa sababu hukuwahi kuandika chini ya kurasa nne.

Sijaelewa. Nieleze taratibu.

Dada yako


15 Februari

Dada, shikamoo.

Huu ni mwandiko wa fundi viatu, mpangaji wangu wa chumba cha mbele. Mimi nasema, yeye anaandika, na kila baada ya sentensi anapuliza vumbi la ngozi kwenye karatasi. Miwani yangu niliikalia. Imevunjika vipande vitatu, na daktari wa macho huku huja mara chache tu kwa mwaka.

Kofia ni yangu. Nimebadilisha mtindo tu. Kwani mtu hachoki kuzunguka upande mmoja miaka yote? Nne kwa kumi nimeipokea. Nimewahi kupata mbaya zaidi kwako nikiwa darasa la tatu, tena mbele ya watu.

(Mwalimu, hapa alisema mengine, kisha akasema nisiyaandike. Sijayaandika. Fundi.)

Kimya changu kilitokana na shughuli. Nilipaka chokaa ukuta wa uani. Nilikuwa na wageni. Mambo mengi.

Sasa nisikilize. Usije. Nasema mapema kwa sababu nakujua, ukikosa jibu unakata tiketi. Wewe ukija kwa mtu huondoki peke yako. Kwa Mama ulisema unakuja kumtazama siku mbili, ukaondoka naye na godoro lake, na mlango wa nyumba hii hakuuona tena. Aliniachia mimi funguo. Ninaishi humu, ninapika humu, najua ni kigae kipi kinacholegea na dirisha lipi linataka kusukumwa kwa bega. Sitoki.

Nitumie somo la kumi.

Mdogo wako, Chiriku

(Mwandiko wangu ni huu huu nilioupata shuleni, Mwalimu. Samahani kwa vumbi.)


24 Februari

Chiriku,

Nimesoma barua yako mara nne, na kila nikimaliza najikuta najua pungufu ya nilivyojua mwanzo.

Kuhusu mtindo, haiwezekani. Nitakueleza kwa nini. Mtu anaweza kubadilisha rangi, unene wa uzi, hata aina ya mshono. Upande anaozunguka haubadilishi kwa kupenda, kama vile usivyoamua kesho uanze kukatia mkate kwa mkono mwingine. Jana nilijaribu. Nilihamishia sindano kushoto nikafuma mishono mitatu. Ya kwanza ilikuwa fundo, ya pili ilifumuka, ya tatu ilinifanya niinuke nikaoshe vyombo.

Kisha nikafanya jambo ambalo lingewachekesha wanafunzi wangu. Nilichukua bakuli la bluu na kofia yake nikaliweka mbele ya kioo cha kabati. Ndani ya kioo, kofia ile ilikuwa yako. Ule ukingo unaouinua kidogo nyuma, kama mtu aliyeshtuka, upo. Ule uchoyo wako wa uzi kwenye raundi ya mwisho upo. Nilipoiangalia mezani, ikawa ya mtu nisiyemjua. Nikasimama pale, kioo, meza, kioo, meza, mpaka shingo ikauma.

Kwa hiyo nakuuliza wazi. Nani yuko na wewe humo ndani? Kama umempata mwanafunzi, sema, nitafurahi. Kama kuna mtu amekuzoea kiasi cha kukufumia kofia na kukuandikia barua, hilo nalo sema, wewe ni mtu mzima na shemeji yangu alishatangulia.

Kuhusu Mama sitaki tubishane kwa barua. Hukuwepo siku ile. Alianguka bafuni, daktari akasema asikae peke yake, na wewe wakati huo ulikuwa kwa mumeo, mbali. Nilifanya lililotakiwa kufanywa. Alikaa kwangu miezi kumi na moja, akala vizuri, akalala vizuri. Hivyo ndivyo nilivyokueleza wakati ule.

Nimekutumia miwani yangu ya zamani. Macho yetu hayapishani sana. Sasa huna haja ya kumchosha fundi, niandikie mwenyewe. Na kwa somo la kumi, kabla ya kufuma, nieleze kwa maneno yako unavyoianza kofia. Ni mtihani. Nataka kujua ninayemfundisha.

Dada yako


8 Machi

Dada, shikamoo.

Miwani imefika. Inanibana masikioni, nikiivaa zaidi ya dakika kumi kichwa kinaniuma. Kwa hiyo fundi bado yupo na kalamu yake.

Mtihani wako huu hapa. Nalamba ncha ya uzi, najua hupendi. Nafuma mnyororo wa vitanzi vinne, nauunga uwe pete. Ndani ya pete naingiza mishono kumi na miwili, nikihesabu kwa sauti, na kwenye ya saba huwa nasimama kupumua kwa sababu saba ndipo ulipokuwa ukinipiga rula kwenye jedwali la kuzidisha. Raundi ya pili naongeza kwenye kila mshono, ya tatu kwenye kila wa pili, ya nne kwenye kila wa tatu. Ikianza kukaa kama sahani najua niko sawa. Ikianza kupindapinda kama jani la kabichi, nimezidisha. Ikianza kujikunja, nimepunja. Nikifika upana wa kiganja na vidole viwili naacha kuongeza, naiacha ishuke.

Nipe maksi.

Aliye na mimi humu ndani ni mimi. Sina mwanafunzi, na huyo bwana unayemtafuta hayupo. Fundi ana mke, na mke wake ana mdomo. Sasa hivi fundi anacheka mpaka kalamu inatetemeka, ndiyo maana herufi zimelewa hapa.

(Ni kweli.)

Kofia ya kumi nimeifunga pamoja na barua hii. Usiniulize tena inazunguka wapi. Itazame kama inakaa kichwani au haikai. Hiyo ndiyo kazi ya kofia.

Chiriku


18 Machi

Kwa Fundi Viatu, chumba cha mbele,

Hatujawahi kuonana, ila mwandiko wako naujua kuliko ninavyoijua sura ya mdogo wangu mwaka huu. Nakuandikia wewe mwenyewe. Tafadhali usimsomee.

Nina kofia mbili mbele yangu na barua tatu. Kofia zimefumwa na mtu wa mkono wa kushoto. Mdogo wangu anatumia wa kulia. Mimi ndiye niliyemshikisha penseli. Lakini barua zina maneno yake. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua habari ya rula na saba. Maneno ni yake, mkono si wake. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na nne, na sijawahi kukutana na swali linalokataa kukaa sawa namna hii.

Nikuulize, naomba unijibu kama mtu mzima. Je, wewe unatumia mkono wa kushoto? Je, ni wewe unayefuma? Kama ndiyo, kwa nini mdogo wangu aone haya kuniambia? Kama siyo, ni nani? Anakula? Anatoka nje? Miwani ile kweli inambana, au haijawahi kutolewa kwenye boksi?

Nisipopata jibu mpaka mwisho wa mwezi nitapanda basi. Nimeshapanga begi. Nimepanga na la pili, tupu, kwa ajili ya nguo zake.

Mwalimu mstaafu, dada wa mwenye nyumba wako


27 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sijamsomea. Lakini alipouliza bahasha ni ya nani nilisema ya kiwanda cha gundi, na sikupenda kusema hivyo, maana kiwanda cha gundi hakijawahi kuniandikia.

Nijibu kwa mpangilio. Mimi natumia mkono wa kulia. Nashona viatu mwaka wa thelathini na moja sasa, muulize mteja yeyote. Sifumi. Nilijaribu siku moja, mama mwenye nyumba akaninyang'anya, akasema ninafuma kama ninayemfunga ng'ombe. Mimi hushinda chumba cha mbele tu. Jioni nafunga nakwenda kwangu, kwa mke wangu, ambaye amesoma barua yako na amekasirika, lakini atapoa.

Humu ndani anaishi yeye peke yake. Anakula. Anatoka mpaka kizingitini asubuhi, anawasalimia wapita njia, anawasema wakishapita. Miwani iko kwenye boksi.

Zaidi ya hapo kuna mambo niliyoapa, na niliapa juu ya watoto wangu. Siwezi, Mwalimu. Tafadhali usinibane. Nami nimechanganyikiwa kama wewe: huyu anasema andika, halafu anasema futa, wewe unasema sema, yeye anasema ukisema unahama.

Ninachoweza kusema, maana hicho sikukiapia, ni kwamba anapenda kazi yake. Kofia ya tisa aliifumua mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya tano aliitupa ikatua kwenye ndoo yangu ya kulowekea soli. Nikamtengenezea kibano cha mbao, mfano wa kile ninachobania soli, kinafungwa ukingoni mwa meza na kuishika kofia isikimbie anapofuma, na pembeni nimepiga msumari uliopinda wa kupitishia uzi. Mbao niliipiga msasa mara mbili, laini kabisa. Msumari wa kwanza ulikuwa mkubwa mno, huu wa pili umekaa vizuri. Amefurahi nao. Katika kazi zangu zote za mwaka huu hiyo ndiyo ninayojivunia.

Naomba usije na begi la pili. Hilo halimo kwenye kiapo, ni langu mwenyewe.

Fundi Viatu


21 Aprili

Chiriku, mdogo wangu,

Fundi hajavunja kiapo. Naanza na hilo kwa sababu najua utamgeukia. Alinieleza tu jinsi alivyopiga msasa kibano. Ni fundi, akajisifia kazi yake. Nilifika kwenye msumari wa kupitishia uzi nikaiweka barua chini. Mwenye mikono miwili uzi wake hupita kwenye vidole. Hana haja ya msumari.

Kwa hiyo sasa najua. Au niseme najua nusu. Mkono wa kulia haufanyi kazi, labda na mguu, labda na maneno yalipotea kwa muda. Ndiyo maana mistari sita. Kofia ya nane ilinifikia Oktoba katikati. Ya tisa, Februari. Katikati hapo ndipo lilipotokea, na katikati hapo ndipo nilipokuandikia nikakuita mvivu. Barua ile kama bado ipo, mpe fundi aiwashie moto wa gundi.

Nikueleze nilivyofanya baada ya hapo, ingawa sijielewi vizuri.

Tarehe thelathini na moja nilibeba mabegi mawili mpaka mlangoni. Nikayaweka chini ili nifunge dirisha la jikoni. Nilipolifunga nikakumbuka sikuwahi kulifunga dirisha lile kwa mkono mmoja, nikajaribu. Haikuwezekana. Nikachukua mkanda wa gauni nikaufunga mkono wangu wa kulia kiunoni, nijue mtu anaishije hivyo, angalau saa moja. Saa moja ikawa siku. Basi likaondoka. Jirani alikuja kuuliza kama nimevunjika, nikamwambia niko masomoni.

Nimefuma kofia nzima kwa mkono wa kushoto. Nilimwomba seremala wa mtaa wa pili anipigie kibano kwa maelezo ya barua ya fundi; alinitazama sana. Imenichukua siku kumi na nane. Usiku sikufanya kazi, nilikuwa nachoka saa kumi alasiri kama mtu aliyelima. Kila mishono mitatu unasogeza kibano. Uzi ukikaza huna kidole cha kuulegeza. Mara ngapi nilitaka kuufungua mkanda, na mimi naweza kuufungua, hiyo ndiyo tofauti, nami sitajifanya kwamba haipo. Kofia ninakutumia. Ni mbaya. Raundi zake zinafuata saa.

Ile nne kwa kumi naifuta. Sijui niandike ngapi mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kushika kalamu nyekundu, sijui kipimo.

Sasa la Mama. Nilikwambia alilala vizuri. Hakulala vizuri. Kila asubuhi, miezi kumi na moja, alikunja nguo zake akaziweka kitandani, akakaa kando yake akiwa amevaa viatu, akisubiri nimrudishe kwake. Mwanzoni nilimweleza. Unanijua, nilieleza vizuri sana: bafu, sakafu, daktari, umbali. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwenye adabu. Kisha anauliza, "Kwa hiyo tunaondoka saa ngapi?" Mwishoni niliacha kueleza, nikawa nazirudisha nguo kabatini akiwa anakula. Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza kwa nini sikumrudisha, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa sahihi kila kipande, ila ukiyaunganisha vipande halikukaa sawa. Mpaka leo sijui kama nilimtunza au nilimfungia.

Na wewe umeliona hilo bila kuambiwa, ndiyo maana umeshona uongo wote huu kwa mkono mmoja, na ukamlisha yamini fundi wa watu. Uliniogopa mimi kuliko ulivyoogopa kuanguka. Naliandika hivyo, nalitazama, bado sijui nilipokee vipi.

Begi la pili nimelirudisha juu ya kabati. La kwanza liko bado mlangoni. Sitakuja mpaka uniambie nije, na ukiniambia nisije sitakuja, ingawa hilo litanishinda kidogo kila siku.

Sina somo la kumi na moja. Unisomeshe wewe sasa: kidole chako gumba cha kushoto unakiweka wapi mshono unapobana? Changu kinapotea.

Dada yako


6 Mei

Dada, shikamoo.

Huu ni mwandiko wangu. Nimeanza Jumatatu, leo Ijumaa. Mistari inapanda mlima, ifuate tu.

Ilikuwa tarehe mbili Novemba. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Mkono ukaacha, kama umeitwa mahali. Nikamwita fundi, likatoka neno lingine kabisa. Nilikuwa nasema "sahani." Nilisema sahani wiki mbili. Mke wake ndiye aliyeninawisha. Daktari anasema kiharusi, na anasema mguu umerudi vizuri. Kuhusu mkono, hajui. Maneno, kama unavyoona, yamerudi na marafiki zao.

Fundi analia huko mbele, anasema ni gundi.

Kidole gumba usikiweke popote. Kiache. Bonyeza kwa kile cha kati, na uzi uulegeze kwa kidevu. Ndiyo, kidevu. Inama. Hakuna anayekuangalia.

Kofia yako tumeitazama wote watatu. Mke wa fundi amesema ni soksi. Nimeivaa hivyohivyo, na nikitoka kizingitini watu wananiuliza nimeipata wapi, nami nawaambia dada yangu anajifunza.

La Mama nilikuwa silijui. La viatu. Nililisoma asubuhi, sikufuma siku hiyo. Nilifikiri nitakasirika, nikasubiri hasira mpaka mchana, haikuja, kikaja kitu kingine nisichokijua jina. Nakuonea huruma na bado nakuogopa. Vyote viwili, kwa pamoja. Usiniombe nichague.

Njoo. Utalala chumba cha Mama, dirisha lake ulisukume kwa bega. Usinifungie kamba za viatu. Nikianguka, nisubiri kwanza uone kama nainuka. Usimwulize daktari maswali nisipokuwepo.

Na kabla ya kupanda basi kata kabisa tiketi ya kurudi. Nitaiomba mlangoni, kabla ya salamu. Nataka kuisoma mwenyewe, tarehe na kila kitu, nione imeandikwa abiria mmoja.

Chiriku